Mzigo na Kongwa

Liko swali ambalo siku hizi halikosi kuulizwa kila wanapokutana wasomi wawili watatu kuzungumza juu ya wakati ujao: je, watu watakubali kutiwa vyombo vya ufundi ndani ya miili yao? Nimelisikia likiulizwa kwa sauti ya matumaini, na nimelisikia likiulizwa kwa sauti ya matanga. Nimewasikia wenye kujibu kwamba kijana atakubali na mzee atakataa; kwamba mtu wa mjini atakubali na mtu wa shamba atakataa; kwamba mtu wa Stockholm amekwisha kubali, ila mtu wa Tabora, kwa kuwa bado yumo kifungoni mwa hofu za wazee wake, hana budi kufundishwa kwanza, na pengine mafundisho yenyewe yatachukua miaka mia. Majibu haya nimeyavumilia muda mrefu. Leo nataka kuyapinga, na pamoja nayo nataka kulipinga swali lenyewe, kwa kuwa naona limepelekwa katika nyumba isiyo yake.

Nakaa Gongoni, katika mji wa Tabora, na jambo lililonitia kalamu mkononi lilitokea barazani kwa jirani yangu. Jirani huyu ni fundi cherehani, mtu mzima aliyepindukia miaka sitini. Miaka miwili iliyopita aligongwa na pikipiki akivuka barabara, mfupa wa paja ukavunjika, akapelekwa hospitali akatiwa chuma kirefu ndani ya mfupa. Sasa anatembea bila ya mkongojo, na cherehani yake anaikanyaga kama zamani. Jioni ile alikuwapo pia kijana mmoja mwendesha bodaboda (siye aliyemgonga, nisije nikamzulia mtu), ambaye aliapa mbele yetu kwamba hatakubali hata siku moja kutiwa chipu mwilini, kwani ameona katika simu kwamba hiyo ndiyo alama ya mnyama iliyotabiriwa.

Mzee akaiweka chini nguo aliyokuwa akiikata, akajigonga paja. "Mjukuu wangu," akasema, "mimi humu ndani nina chuma, toka hapa juu hadi karibu na goti. Binti zetu wana vijiti mikononi. Wako watu Dar es Salaam wana betri vifuani. Wewe unamkatalia nani?"

"Hivyo ni vya hospitali, babu."

"Na hicho unachokikataa wewe ni cha wapi?"

Kijana akafikiri kidogo. "Sikijui ni cha nani," akasema. "Ndiyo maana sikitaki."

Mazungumzo yakahamia bei ya petroli, lakini mimi nilirudi nyumbani na maneno yale. Katika mambo yote niliyoyasoma juu ya vyombo vya mwilini, sijaona neno lililoupiga msumari kichwani kuliko lile. Kijana hakusema kwamba mwili ni mtakatifu usioguswa. Hakusema kwamba chuma ni kibaya. Alisema kwamba hakijui chombo ni cha nani. Na huyu ndiye mtu ambaye wasomi wetu wangemwandika katika daftari kuwa ni mmoja wa wakataao kwa ushirikina.

Tuanze basi na tuhuma hiyo ya ushirikina, maana ndiyo inayorudiwa mno. Wenye kuituma hudhani kwamba Mnyamwezi, au Msukuma, au mtu wa pwani aliyelowea huku, huuona mwili wake kama chumba kilichofungwa ambacho kitu kigeni hakiingii. Sijui wameipata wapi habari hiyo. Burton alipofika hapa mwezi wa Novemba 1857, mahali ambapo wageni wakati ule walipaita Kazeh, aliandika juu ya mistari ya chale iliyokuwa katika nyuso za Wanyamwezi na juu ya meno yao ya mbele yaliyochongwa. Wanawake wa Kimakonde walivaa ndonya katika mdomo wa juu, na ndonya hiyo iliingizwa kwanza ikiwa ndogo kama kijiti, kisha ikaongezwa ukubwa mwaka hata mwaka. Chale za dawa nazo ni nini? Ngozi hupasuliwa kwa wembe, dawa ikasuguliwa katika jeraha, jeraha likafunga na dawa ikabaki ndani. Mtu aliyechanjwa hutembea siku zote na kitu ambacho si nyama yake, akiamini kwamba kinamlinda. Kama dawa ile inafanya kazi au haifanyi ni shauri jingine, na wala mimi si mtetezi wa waganga, ambao baadhi yao wamewala watu wetu fedha nyingi. Nasema tu kwamba wazo la kutia kitu chini ya ngozi ili kimsaidie mwenye ngozi halikuja huku na ndege.

Tena liko jambo katika lugha ya uganga ambalo wanafunzi wa lugha wangepaswa kulitazama. Anayekinga mtu au nyumba kwa dawa huzindika, na kazi yake huitwa zindiko. Anayeliondoa zindiko hilo huzindua. Kiswahili kimeyaweka maneno haya mawili mlango mmoja, kama kilivyofanya katika kufunga na kufungua, kutega na kutegua, kubandika na kubandua, kufunika na kufunua. Anayesema kwamba kitu kimetiwa, papo hapo lugha humpa neno la kusema kwamba kimetolewa. Sasa tazama neno letu jipya, kipandikizi. Limetokana na kupandikiza, ambayo ni kazi ya mkulima anayeihamisha miche kutoka kitaluni. Neno zuri, nalo limeshika. Lakini mche uliopandikizwa hautarajiwi kurudi kitaluni, na kitenzi hicho hakina mwenzake wa kinyume. Hospitali husema kutoa, neno linalotumika pia kwa jino bovu na kwa takataka. Huenda nafanya jambo kubwa kwa neno dogo. Lakini nitaonyesha mbele kwamba pengo lililo katika neno liko pia katika kazi.

Kwanza niimalize tuhuma. Katika nchi hii ambayo watu wake yasemekana hawatakubali, utafiti wa taifa wa mwaka 2010 juu ya uzazi na afya ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 walioolewa, wenye vipandikizi vya kuzuia mimba walikuwa kama 2 hivi. Utafiti wa 2015 hadi 2016 ulikuta 7. Ule wa 2022 ulikuta 14, na vipandikizi vikawa vimeipita sindano na vidonge, vikawa ndiyo njia ya kisasa inayotumiwa na wengi zaidi kuliko nyingine yoyote. Yafaa ikumbukwe kwamba katikati ya miaka hiyo, Septemba 2018, Rais wa wakati ule, John Magufuli, alisema hadharani mkoani Simiyu kwamba wanawake wanaweza kuziacha dawa za uzazi wa mpango. Hata hivyo hesabu haikushuka. Vipo vya njiti moja, vya miaka mitatu, na vipo vya njiti mbili, vya miaka mitano. Hutiwa chini ya ngozi ya mkono wa juu kwa dakika chache, navyo hutoa dawa yake kidogo kidogo bila ya mwenyewe kukumbuka kitu. Hicho ni chombo cha ufundi ndani ya mwili, kimetengenezwa kiwandani, kina muda wake wa kazi. Wamekitia mikononi wanawake wa Tabora na wa Sikonge na wa Urambo, wengine wamesoma na wengine hawakusoma. Wakati mhadhiri akiuliza kama watakubali, huenda dada aliyemwekea chai mezani amekwisha kubali mwaka wa nne huu.

Na kama ni manufaa, nani asiyeyaona? Asiyependa chuma na aukumbuke mkono wa Livingstone. Simba aliuvunja mwaka 1844, mfupa wa juu haukuunga sawasawa, na tangu siku hiyo hakuweza kuuinua mkono wake wa kushoto vizuri hadi mauti. Maiti yake ilipopitishwa hapa Unyanyembe mwaka 1873, ikichukuliwa na Chuma na Susi na wenzao, na kufikishwa London mwaka 1874, waganga waliitambua kwa kiungo kile cha uongo kilichokuwa mkononi. Fundi wetu wa Gongoni amevunjika mfupa mkubwa kuliko ule, naye anakanyaga cherehani. Tangu Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili imewatia watoto viziwi vyombo vya kusikia ndani ya masikio yao, kazi ambayo zamani iliwalazimu kupelekwa India. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huwatia watu betri za moyo. Mtu atakayesimama mbele ya mama aliyeitwa na mwanawe kwa mara ya kwanza, akamwambia kwamba vyombo vya mwilini ni unajisi, huyo simwezi. Na amjibu mama mwenyewe.

Kwa hiyo upande wa hofu hauna kesi. Sasa nigeuke upande wa pili, ambao nauona ni wa hatari zaidi kwa kuwa unazungumza kwa ulimi laini. Hao husema: mmekwisha kubali simu, mmekwisha kubali alama za vidole, mmekwisha kubali vijiti, basi mtakubali na yajayo, ni kiasi cha mazoea tu. Wanatuonyesha Sweden, ambako maelfu ya watu wamejitia mkononi chipu ndogo kama punje ya mchele, na ambako mwaka 2017 shirika la reli la SJ liliwaruhusu abiria kuwa na tiketi katika chipu hiyo. Wanatuonyesha jimbo la Wisconsin huko Marekani, ambako mwaka huo huo kampuni ya Three Square Market iliwatia chipu wafanyakazi wake zaidi ya 40 waliojitolea, wafungue milango na kununua vitafunio kwa kupunga mkono. Hawatuambii kwamba jimbo hilo hilo la Wisconsin lilikuwa limetunga sheria mwaka 2006 ya kukataza mtu yeyote kumlazimisha mwenziwe atiwe chipu mwilini. Wale wafanyakazi walisema ndiyo katika nchi ambayo sheria ilikwisha walindia haki ya kusema hapana. Ondoa sheria hiyo, na ile ndiyo yao utaipima kwa mizani gani?

Hapa ndipo ninapotaka msomaji ashuke nami kwenye barabara ya zamani, kwa sababu sisi wa Tabora tulifundishwa somo hili na miguu ya babu zetu kabla halijaandikwa mahali popote. Karne ya kumi na tisa, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kurudi, na ile iliyokwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, ilipita hapa. Katika barabara ile ile, chini ya jua lile lile, walipita watu wa namna mbili wenye kitu shingoni au begani. Wa kwanza alikuwa mpagazi. Huyu, kama wanahistoria walivyokwisha kuonyesha, kwa wingi alikuwa mtu huru, Mnyamwezi aliyepatana ujira wake wa nguo na posho, akauchukua mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, akajivunia kuifika pwani kama kijana wa leo anavyojivunia shahada. Alibeba mzigo mzito kuliko alivyopenda, naam. Lakini mzigo ulipozidi mapatano aligoma. Posho ilipopungua aliutua chini. Alipodhulumiwa alitoroka usiku, na bwana wa msafara akaamka akakuta pembe zake zimelala peke yake. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko juu ya jambo hilo, na mimi kila ninapoyasoma malalamiko hayo hufurahi.

Wa pili alikuwa mtumwa mwenye kongwa. Kongwa ni gogo lenye panda, shingo ikaingizwa katika panda, na kijiti cha chuma au cha mti kikakomelewa nyuma. Pengine lilikuwa jepesi kuliko frasila mbili. Mtu aliyewatazama kwa mbali, akitaka kuandika habari zao katika daftari, angeweza kuandika kwamba wote wawili wamezoea kuchukua vitu, na kwamba katika nchi ile hakuna pingamizi kubwa juu ya kuchukua vitu. Daftari lake lingekuwa na hesabu sahihi, na ukweli ungekuwa umemponyoka wote. Tofauti ya watu wale haikuwa katika uzito, wala katika umbo la kitu, wala katika mazoea. Mmoja aliweza kutua, na mwenziwe hakuweza kulifikia komeo.

Msomaji ataniambia kwamba kongwa limekwisha, na kwamba nazungumza mambo ya makumbusho. Lilibadilika jina. Kenya, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuwa na kipande chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, na wengi walikitia katika kijaluba cha chuma wakakitundika shingoni. Mwajiri akikataa kuandika kwamba amemwachilia, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine bila ya kuonekana mtoro. Harry Thuku alipowakusanya watu Nairobi mwaka 1921, kipande kilikuwa katika mambo ya kwanza waliyoyalalamikia. Walikilalamikia kwa sababu habari zilizoandikwa ndani yake zilimhusu aliyekivaa na kusomwa na asiyekivaa. Wakenya wengi hadi leo hukiita kitambulisho chao kipande, na hucheka wakisema hivyo. Bibi zao hawakucheka. Kile kijaluba kilikuwa nje ya ngozi, nacho kiliweza hata kutupwa mtoni na mtu aliyeamua kupata taabu. Fikiria kingekuwa ndani.

Wala usidhani kwamba ulazimishaji wa kitu kilicho ndani ni ndoto yangu. Mwaka 1991, muda mfupi baada ya vijiti vya kuzuia mimba kuruhusiwa Marekani, jaji mmoja wa California alimpa mama mmoja aliyekuwa mbele yake kwa kosa la kuwapiga watoto wake sharti la kuwekewa vijiti hivyo, kama sehemu ya kuachwa nje ya gereza kwa muda mrefu. Dawa ni ile ile iliyowafaa dada zetu, na kazi yake mwilini ni ile ile. Mikononi mwa mwanamke aliyeiomba ni mzigo alioupatana. Mikononi mwa mwanamke aliyepewa na jaji ni kongwa. Nani angeuliza hapo kama wanawake wa California "wanavikubali" vipandikizi?

Hata mahali pasipo jaji wala bwana, mtu huweza kujikuta hana ufunguo. Kampuni ya Marekani iitwayo Second Sight iliwatia vipofu zaidi ya 350, katika nchi mbalimbali, chombo kiitwacho Argus kilichowapa mwangaza kidogo wa macho. Wote walikubali, tena kwa furaha. Mwaka 2019 kampuni ikaacha kukitengeneza, mwaka 2020 ikakaribia kufilisika, na watu wale wakabaki na chombo vichwani mwao ambacho fundi wake hayupo, vipuri vyake havipo, na kukitoa ni kupasuliwa upya. Mwenye betri ya moyo huku kwetu aliyewekewa leo atahitaji nyingine baada ya miaka kama kumi. Mtoto wa Muhimbili anasikia kwa msaada wa sehemu ya nje ambayo waya zake hukatika na betri zake huisha. Ni nani aliyemwahidi mzazi wake, kwa maandishi, kwamba waya huo utapatikana mwaka 2035, na kwa bei gani? Swali hili haliulizwi makongamanoni, kwa kuwa halihusu akili ya mzazi. Lahusu bajeti ya wakubwa.

Ndiyo maana nimesema swali limepelekwa nyumba isiyo yake. Mwaka 2021 ulipoenea uvumi kwamba chanjo ya korona ina chipu ndani yake, wasomi walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka, kwani uvumi ulikuwa uongo mtupu. Chanjo haina chipu, na Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai mwaka huo watu wote wakitazama. Lakini kicheko kilikuwa ndiyo mwisho wa kazi yao. Hawakujiuliza kwa nini uongo huu ulipata masikio na uongo mwingine haukupata. Ulisikizwa na watu ambao mwaka mmoja tu kabla ya hapo walikuwa wamepanga foleni ndefu kutoa alama za vidole ili laini zao za simu zisizimwe, muda wa mwisho ukiwa Januari 2020. Mtu aliyekwisha ona kwamba simu yake inaweza kunyamazishwa na mtu asiyemjua, hashangazi akiogopa kwamba na damu yake itafanywa hivyo. Alikosea juu ya chanjo. Juu ya desturi ya wenye vyombo hakukosea sana.

Tunayo sasa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na nafurahi kuwa nayo. Lakini sheria ile macho yake yako katika taarifa. Mimi nazungumza juu ya chombo chenyewe: nani alazimike kukitoa mwenye mwili akitaka, kwa gharama ya nani, katika muda gani, bila ya kuuliza ruhusa ya mume, ya mwajiri au ya benki. Nazungumza juu ya haki ya mwenye chombo kukisoma kabla hakijasomwa na mtu mwingine. Nazungumza juu ya kukataza kabisa kwamba mshahara, au mkopo, au nafasi ya masomo, itolewe kwa sharti la kitu kilichotiwa chini ya ngozi. Wanafunzi wa sheria watakaosoma karatasi hizi wanaweza kuyaandika haya kwa lugha iliyo bora kuliko yangu. Wanafunzi wa uhandisi nao wanaweza kukataa kuchora chombo kisichokuwa na njia ya kutokea, kama vile seremala mwenye heshima anavyokataa kujenga chumba kisichokuwa na mlango.

Nilisema kwamba pengo lililo katika neno kipandikizi liko pia katika kazi, na sasa nitalionyesha. Yuko dada mmoja wa mtaa wetu. Habari zake nimezipata kwa mke wangu, naye mwenyewe ameniruhusu kuziandika bila ya kumtaja. Aliwekewa kijiti katika zahanati moja, ambayo nayo siitaji. Kiliwekwa vizuri, kwa upole, bila ya malipo, na kwa mwaka mmoja alikisifu kwa kila mtu. Mwaka wa pili akaanza kutoka damu isiyo na mpango, wiki hata wiki, jambo ambalo wataalamu wanalijua na ambalo kwa baadhi ya wanawake hutokea. Akaenda akaomba kitolewe. Akaambiwa kwamba muda wake haujaisha, avumilie. Akaenda mara ya pili, akaulizwa kama mumewe anajua. Mara ya tatu akaambiwa kwamba kutia wanajua wauguzi wengi, ila kutoa aliyejifunza ni mmoja, naye yuko masomoni. Mwishowe alilipa fedha mahali pengine, fedha ya nauli na ya chakula, kikatolewa kwa dakika zisizofika ishirini.

Natamani wale wenye kuuliza kama watu watakubali wangeketi na dada huyu. Kama angekuwa mfano wao, wangemweka upande gani wa daftari? Alikubali, kisha akakataa, na katika kukataa kwake hakusema neno moja baya juu ya ufundi wenyewe. Mke wangu alimwuliza, baada ya afya yake kurudi, kama ataweka tena. "Nitaweka dada," akajibu, "kuna cha aina nyingine wameniambia huenda kikanipatana. Lakini safari hii nitauliza kwanza wa kutoa yuko wapi."

Mwezi uliopita walikwenda pamoja, katika zahanati nyingine. Muuguzi alipokwisha kueleza yote, dada akauliza alilokusudia. Muuguzi hakukasirika, alitoka akamwita mwenzake wa chumba cha pili, akamleta hadi mlangoni, akasema, "Huyu hapa." Wakaamkiana. Dada akamtazama, akamwuliza, "Na wewe ukihamishwa?" Wauguzi wakatazamana. Yule wa kwanza akasema hilo ngoja akamwulize mganga mfawidhi, akaenda. Mke wangu na dada wakakaa benchini wakangoja, dada mkono wake ameufunika kwa khanga.